Eosinofili na uboho: maswali ninayoulizwa mara kwa mara maabara, hapa Mwanza

Karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, inayotoka kwenye mashine ina mstari mmoja unaowasumbua watu wa huku kuliko mingine: EOS, yaani eosinofili, aina moja ya chembe nyeupe za damu, na pembeni yake herufi H, maana yake ziko juu. Mtu anaondoka dirishani akiamini damu yake imechafuka, au ana saratani. Mimi ni mtu wa maabara. Majibu haya nimewaandikia watu wa Kirumba, Igombe, Sengerema, Ukerewe na kwingineko kando ya Ziwa ambao hupewa karatasi hiyo bila maelezo ya kutosha. Mengi yanahusu uboho, kwa sababu eosinofili huzaliwa huko, na ile namba haieleweki mpaka ujue ilikotoka.

Uboho ni nini hasa, na uko kwenye mfupa gani?

Ni nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Aliyewahi kunywa supu akagonga mfupa wa mguu wa ng'ombe ameuona: ule mzito wa manjano, wenye mafuta. Ila huo wa manjano hautengenezi damu tena. Uboho unaofanya kazi ni mwekundu, na kwa mtu mzima unapatikana kwenye nyonga, pingili za mgongo, mbavu, kidari, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na ya mikono. Mtoto mchanga anao mwekundu karibu katika kila mfupa. Alipokuwa tumboni, damu yake ilitengenezwa zaidi kwenye ini na bandama, kisha miezi ya mwisho ya ujauzito mifupa ikapokea kazi hiyo.

Kwa siku moja tu uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu zipatazo bilioni 200, na neutrofili karibu bilioni 100. Eosinofili ni chache sana ukizilinganisha na hizo.

Chembe nyeupe zote zinatoka humo?

Ndiyo: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili na basofili. Kuna kundi moja la limfosaiti, zile za T, ambazo huondoka zikiwa changa na kwenda kukomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya kidari.

Eosinofili inatengenezwaje?

Mwanzo wake ni seli shina. Hizi ni chache sana ndani ya uboho, na zina uwezo wa aina mbili: kujigawa zikabaki kuwa seli shina, au kujigawa zikatoa seli inayoanza safari ya kuwa kitu fulani. Ikishaanza safari, kila hatua inaipunguzia uchaguzi. Kwanza inaweza bado kuwa chembe nyekundu, chembe sahani au chembe nyeupe. Baadaye inabaki na njia za chembe nyeupe zenye punje pamoja na monosaiti. Mwishowe inakuwa seli tangulizi ya eosinofili, na hapo hairudi nyuma.

Kinachoamua njia ni protini zilizomo ndani ya kiini cha seli, ambazo huwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Kwa eosinofili iliyo kubwa zaidi ni GATA-1, ikifanya kazi pamoja na PU.1 na zile za kundi la C/EBP. Jambo ambalo bado linanishangaza ni kwamba GATA-1 hiyohiyo ndiyo inayohitajika kutengeneza chembe nyekundu. Kiasi chake, wenzake inaofanya nao kazi, na nani ametangulia, ndivyo vinavyoleta tofauti. Panya wa maabara walioondolewa kipande kimoja kidogo tu cha jeni hiyo, kile kinachoidhibiti, walikosa eosinofili kabisa huku chembe nyekundu zikiendelea kutengenezwa.

Kuanzia hapo mabadiliko yanaonekana kwa hadubini. Mieloblasti ni seli kubwa, kiini chake cha mviringo kimejaza karibu seli nzima, na haina cha kuitambulisha. Inakuwa promielosaiti, punje za kwanza zinaonekana. Inakuwa mielosaiti, na sasa punje zimeanza kuchukua ule wekundu wa machungwa ambao hauna mfano kwenye damu. Mielosaiti ndiyo ya mwisho kujigawa. Baada yake ni kukomaa tu: kiini kinabonyea, kinapinda, kinabanwa katikati mpaka kinabaki na vipande viwili vilivyounganishwa na uzi mwembamba, mfano wa miwani. Kazi yote hiyo ndani ya mfupa inachukua takriban siku nane.

Kwa nini punje zake ni nyekundu?

Swali hili wananiuliza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo zaidi kuliko wagonjwa, lakini jibu lake linaeleza kazi nzima ya seli hii.

Tukipata damu tunaweka tone dogo kwenye kioo, tunalivuta kwa ukingo wa kioo kingine, linakauka, kisha tunamwagia rangi. Ndani ya rangi hiyo kuna eosini, ambayo ni nyekundu na ina asili ya asidi. Inashika vitu vyenye asili ya besi. Punje za eosinofili zimejaa protini za namna hiyo, na katikati ya kila punje kuna moja imejipanga kwa wingi hadi imeganda kama fuwele. Ukifika kwenye mkia wa ile damu iliyovutwa, mahali chembe zimejitenga moja moja, ukaongeza tone la mafuta na kushusha lenzi ya mia, huwezi kuikosa: vipunje vikubwa, vya saizi moja, vimebanana, vimeacha kiini tu.

Protini hizo ndizo silaha yenyewe. Zikimwagwa juu ya ngozi ya mnyoo mchanga zinaitoboa. Zikimwagwa mahali pasipostahili, kama kwenye njia ya hewa ya mtu mwenye pumu, zinaunguza nyama ya mwenye mwili.

Nani anauambia uboho uongeze eosinofili?

Uboho haujui kama una minyoo. Habari huletwa na damu.

Ngozi, utumbo na mapafu vikiguswa na mnyoo au kitu kinacholeta aleji, seli zilizopo hapo hutoa ishara za hatari. Limfosaiti T za aina iitwayo Th2, pamoja na ndugu zake wanaoishi ndani ya nyama hizo, hujibu kwa kutoa intalukini-5, protini ya kupeleka ujumbe. Hii inaingia kwenye damu, inafika kwenye uboho, na inashika kwenye seli tangulizi za eosinofili ambazo zina mahali pake pa kushika. Matokeo ni matatu: seli tangulizi zinajigawa zaidi, zilizo njiani zinakomaa, na zilizokwisha komaa zinafunguliwa mlango ziingie kwenye damu. Hata huko nje, intalukini-5 inazichelewesha kufa. Zipo ishara nyingine mbili, intalukini-3 na GM-CSF, zinazosaidia hatua za mwanzo, ila hizo zinahudumia pia chembe nyingine. Intalukini-5 ndiyo mahususi kwa eosinofili.

Ushahidi mzuri ni dawa. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha mepolizumabu, kingamwili inayoikamata intalukini-5, kwa ajili ya pumu kali. Mgonjwa akichomwa, eosinofili za kwenye damu hushuka sana.

Kwa hiyo ukiona EOS iko juu, soma hivi: kuna mahali mwilini pametuma ujumbe, na uboho umetii. Uboho wenyewe, mara nyingi, ni mzima kabisa. Kumpa mtu dawa ya kushusha eosinofili bila kutafuta ujumbe ulitoka wapi ni kumwacha na ugonjwa wake.

Mambo haya yalijulikana lini?

Kwamba damu inatengenezwa ndani ya mifupa kulionyeshwa mwaka 1868 na Ernst Neumann wa Ujerumani na, karibu wakati uleule, Giulio Bizzozero wa Italia. Mwaka 1879 Paul Ehrlich akatumia rangi kuzitofautisha chembe nyeupe na akaipa eosinofili jina lake. Seli shina zilithibitishwa baadaye sana: mwaka 1961, huko Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwadunga uboho panya waliokuwa wameunguzwa na mionzi, wakakuta vinundu kwenye bandama. Baadaye ikathibitishwa kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja.

Ikitoka kwenye mfupa inaishi muda gani?

Kwenye damu ni saa tu, kama nane hadi kumi na nane hivi, kisha inaingia kwenye nyama za mwili na kukaa siku kadhaa au zaidi. Makao yake makubwa ni utumbo. Kwa hiyo sindano yetu inanasa zile zilizo safarini, kundi dogo la zote ulizonazo. Pia hubadilika ndani ya siku moja: asubuhi huwa chini kwa sababu homoni ya kotisoli iko juu, usiku hupanda. Ukitaka kulinganisha vipimo viwili, pimwa saa zinazokaribiana.

Kwa nini sisi wa kando ya Ziwa tunazo nyingi?

Sababu kubwa ni minyoo, na kwa mwambao wetu anayeongoza ni kichocho cha tumbo, *Schistosoma mansoni*. Konokono wanaombeba, wa jamii ya *Biomphalaria*, wanaishi majini palepale tunapochota, tunapofua, tunapoosha vyombo na tunapovuta kokoro. Ukienda ndani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, unakutana zaidi na kichocho cha mkojo, kinachobebwa na konokono wa jamii nyingine, *Bulinus*.

Sasa fuata kinavyopita. Serkaria, yaani mabuu ya kichocho, hutoka kwenye konokono mchana, jua likiwa kali ndiyo wengi zaidi. Wakigusa ngozi wanaipenya kwa dakika chache, wanaacha mkia nje. Wanapita kwenye mapafu, wanafika kwenye ini, wanakua, dume na jike wanakutana, kisha wanahamia kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo. Kama wiki tano au sita tangu uingie majini, jike anaanza kutaga, mayai mia moja hadi mia tatu kwa siku. Karibu nusu ya mayai hayatoki na choo. Yanakwama kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini.

Mayai hayo ndiyo yanayoamsha Th2 kwa nguvu. Ndipo intalukini-5 inapanda, na ndipo uboho unapopokea agizo. Ukikata kipande cha ini chenye yai lililokwama na kukiangalia kwa hadubini, yai liko katikati na eosinofili zimelizingira safu kwa safu. Zinakusudia kulidhibiti, na kwa muda zinasaidia, lakini makovu yanayobaki hapo ndiyo huziba mishipa ya ini mpaka bandama inavimba na mtu anatapika damu. Nimewaona wavuvi vijana waliofika hatua hiyo, na inaniuma kila mara, kwa kuwa dawa ilikuwepo tangu mwanzo.

Mgeni asiyezoea maji yetu anaweza kupata homa, kikohozi na vipele wiki nne hadi nane baada ya kuogelea, na eosinofili zake zikawa juu sana wakati choo bado hakina yai hata moja. Akisema aliogelea Ziwani mwezi uliopita, mwambie daktari amsikilize.

Minyoo mingine pia inahusika: safura, askarisi na strongiloidi.

Karatasi yangu ina EOS% na EOS#. Niangalie ipi?

EOS#, yaani idadi. Asilimia peke yake inadanganya. Chukua mtu mwenye chembe nyeupe 6,200 kwa mikrolita na EOS% ikiwa 14: eosinofili zake ni 868, ziko juu. Mwingine ana chembe nyeupe 3,000 na EOS% ni 9, mashine imemwekea H, lakini idadi yake ni 270 tu, ambayo ni ya kawaida. Kikomo kinachotumika sana ni 500. Kati ya 500 na 1,500, kwa mtu wa huku, anza na kipimo cha choo na cha mkojo. Ikizidi 1,500 na ikabaki hapo kwenye vipimo vinavyorudiwa, sharti daktari afuatilie kwa undani, maana eosinofili nyingi kwa muda mrefu zinaweza kuharibu moyo.

Kwenye karatasi nyingi utaona 0.87 badala ya 868. Ni kitu kilekile, zidisha kwa elfu.

Ni malaria hiyo, au taifodi?

Hapana. Malaria kali na taifodi kwa kawaida huzishusha eosinofili wakati wa homa, na kwa malaria hupanda kidogo mgonjwa anapopata nafuu. Amiba na giardia nazo hazizipandishi. Mtu akikuambia EOS yako iko juu kwa sababu ya "malaria sugu", omba kipimo cha choo.

Zisipokuwa minyoo, fikiria pumu, aleji ya ngozi, na dawa unazotumia. Fenitoini, kotrimoksazoli na dawa za jamii ya penisilini zinaweza kuzipandisha. Mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote, na za kienyeji zikiwemo.

Mimi yangu ni kinyume: chembe nyeupe chache, na neutrofili ziko chini. Uboho wangu umechoka?

Inawezekana kabisa hauna tatizo lolote. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Hali hiyo inatukinga na malaria ya *vivax*, na inaambatana na neutrofili chache kwenye damu. Uboho wao unatengeneza vizuri, na wakiugua mwili unajibu vizuri. Tatizo ni kwamba viwango vilivyowekwa kwenye mashine nyingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani, hivyo mtu mzima wa afya anawekewa L, yaani ziko chini, na kuingiwa hofu. Kama huugui mara kwa mara, na vipimo vya nyuma vinafanana na cha leo, muulize daktari juu ya hili kabla ya kuanza kuhangaika. Ila neutrofili zikishuka ghafla, au ukawa na homa, vidonda mdomoni au damu kuvuja, hilo ni jambo jingine, nenda siku hiyohiyo.

Nimeandikiwa prednisoloni na eosinofili zikashuka. Nimepona?

Zimeshuka kwa sababu dawa za steroidi huziua na kuziondoa kwenye damu ndani ya saa chache. Mnyoo bado yupo.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Strongiloidi ni mnyoo mwembamba anayeingia kupitia ngozi ya miguu, na tofauti na wengine anaweza kujiambukiza upya ndani ya mwili uleule kwa miaka mingi bila dalili kubwa. Kinga ndiyo inayomzuia asizidi. Mtu huyo akipewa steroidi kwa muda, breki inaachiwa: mabuu yanaongezeka, yanatoboa utumbo, yanabeba bakteria hadi kwenye damu na mapafu. Wengi wanaofika hapo hufa. Na kwa sababu steroidi imeshusha EOS, karatasi ya FBP haionyeshi chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuanza steroidi za muda mrefu, mwambie daktari umekulia wapi na kama unatembea peku shambani. Kipimo kipo na dawa ipo, ivermektini. Kaa mbali kabisa na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani bila jina. Vingine ndani yake ni deksamethasoni, nayo ni steroidi.

Kuna chakula cha kuongeza uboho?

Chakula cha kawaida kinatosha: maharage, mboga za majani, dagaa, mayai, maini. Uboho unahitaji foleti, vitamini B12, madini na protini. Hakuna juisi wala unga unaoongeza eosinofili au kuzipunguza.

Daktari anataka kupima uboho wenyewe. Nitapooza?

Hutapooza. Watu wanachanganya kipimo hiki na kile cha kuchukua maji ya uti wa mgongo. Uboho unachukuliwa kwenye mfupa wa nyonga, nyuma, juu kidogo ya tako, mbali na uti. Unachomwa ganzi kwanza kwenye ngozi na juu ya mfupa. Sindano inaingia, na utahisi msukumo. Wakati uboho unavutwa kuna maumivu makali ya sekunde chache, kama mtu amekuvuta kwa ndani, na ganzi haiyazuii yote. Ni vizuri ulijue mapema. Baada ya hapo unabonyezwa pamba, unalala kidogo, unarudi nyumbani.

Kwa eosinofili pekee kipimo hiki ni nadra. Kinaombwa zikiwa zimezidi sana, na minyoo, dawa na aleji vimeshatafutwa vikakosekana, au kwenye damu kumeonekana seli changa ambazo hazikupaswa kutoka mfupani. Kuna aina moja ya saratani ya damu ambamo seli za uboho zinajiagiza zenyewe bila ujumbe kutoka popote, kwa sababu ya jeni iitwayo PDGFRA iliyoungana vibaya na nyingine. Habari njema ni kwamba aina hiyo inajibu vizuri sana kwa vidonge vya imatinibu. Kwa Kanda ya Ziwa, mgonjwa wa namna hii hupelekwa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza.

Nimemeza dawa ya kichocho wiki mbili zilizopita na eosinofili zimepanda zaidi. Dawa imegoma?

La, hilo hutokea. Prazikwanteli inachanachana ngozi ya mnyoo, na protini zake zilizokuwa zimefichwa zinamwagika kwenye damu. Mwili unaziona kwa mara ya kwanza kwa wingi huo, intalukini-5 inapanda, na kwa kuwa uboho unahitaji siku kadhaa kukomaza eosinofili, kilele kinakuja baadaye, mara nyingi ndani ya wiki chache, ndipo zianze kushuka.

Usitumie FBP kupima kama umepona. Rudi na choo baada ya wiki sita hivi, tutafute mayai. Na kumbuka kwamba dawa hii inaua minyoo wakubwa, wale wachanga walioingia siku za karibuni hawaisikii. Kama uliendelea kuingia Ziwani wiki zile za kabla ya kumeza, mwambie mhudumu, huenda ukahitaji dozi ya pili. Maji ya kuoga ukiyachota na kuyaacha kwenye ndoo iliyofunikwa kwa siku mbili, serkaria waliomo wanakuwa wamekufa.